Haki ya Kwenda na Ruhusa ya Kuingia

Waingereza wana maneno yao, "freedom of movement", ambayo wanafunzi wetu huyafasiri kuwa uhuru wa kwenda kokote duniani. Sivyo; na historia ya Tunduma yatuonyesha sababu.

Zamani Wanyamwanga walikaa pande zote mbili, wala mpaka haukuwapo. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wadachi walipatana huko Berlin kugawana nchi, na mwaka 1898 wapimaji wao wakaja kuutia mpaka alama baina ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Basi ndugu akawa upande huu, na nduguye upande wa pili, ambako leo ni Zambia.

Katiba yetu ya mwaka 1977, katika Ibara ya 17, yataja uhuru wa mtu kwenda atakako: raia, kwa kufuata sheria, aweza kusafiri na kukaa popote katika Jamhuri ya Muungano, kutoka nje, na kurudi. Lakini Katiba haifungui mlango wa jirani; mwenye kuufungua ni jirani mwenyewe. Hata kituo cha pamoja cha mpakani, kilichofunguliwa Oktoba 2019, kilipunguza kusimama mara mbili, hakikuondoa hati.

Basi tuandikapo, na tuseme: "Tuna haki ya kwenda Mbozi", lakini "Tumepewa ruhusa ya kuingia Nakonde". Haki ni mali ya mtu, ruhusa huombwa. Ayachanganyaye maneno haya ataomba kilicho chake, au atadai kisicho chake.