Sahani ya Santuri kama Matini: Unakili wa Nyumbani na Historia ya Ushairi wa Taarab

Utangulizi

Historia ya ushairi wa Kiswahili imeandikwa kwa kutegemea karatasi. Mtafiti anayetaka kujua utenzi fulani ulikuwaje hapo kale hutafuta miswada ya hati za Kiarabu, huzilinganisha nakala, na huuliza ni nani aliyenakili, lini na kwa ajili ya nani. Juhudi hizi zimezaa matunda mengi. Hata hivyo, upo ushahidi mwingine, wa tangu mwaka 1928, ambao wahakiki wa fasihi wameugusa kwa nadra: sahani za santuri. Makala haya yana dai moja. Sahani ni matini ya kifasihi, na mkusanyaji anayeihamishia sauti yake kwenye kompyuta nyumbani ni mnakili kwa maana ile ile tunayoitumia tunapozungumzia miswada. Akinakili ovyo, kinachopotea si burudani tu bali ushahidi.

Mwaka 1928

Mwaka huo Siti binti Saad wa Unguja alisafiri na wanamuziki wenzake hadi Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili kwa kampuni ya Gramophone, chini ya lebo ya His Master's Voice. Mwaka huo huo, mkutano uliofanyika Mombasa uliamua kwamba Kiunguja ndicho kitakachokuwa msingi wa Kiswahili sanifu; kamati ya lugha iliyosimamia kazi hiyo ikaundwa mwaka 1930. Matukio haya mawili hayakupangwa pamoja, lakini kwa mhakiki yanakutana. Wakati wataalamu wakijiandaa kuamua Kiunguja kiandikwe vipi, sindano ya mtambo wa Bombay ilikuwa imekwisha kuchora jinsi kilivyoimbwa na mwanamke wa Fumba ambaye hakupata elimu ya shule.

Siti alifariki mwaka 1950, na Wasifu wa Siti binti Saad, kitabu cha Shaaban Robert, kikachapishwa mwaka 1958. Ina maana kwamba sahani za kwanza ziliutangulia wasifu huo kwa miaka 30. Wimbo kama Kijiti, unaosimulia mauaji ya mwanamke na jinsi mkosaji alivyotoroka ilhali mashahidi wakaadhibiwa, umejadiliwa mara nyingi kwa maudhui yake. Maudhui hayo yalimfikia msikilizaji kwa sauti, kwa marudio na kwa vituo. Anayeusoma wimbo huo kwenye karatasi peke yake anahakiki nusu yake.

Dakika tatu na umbo la wimbo

Sahani hizi zilitengenezwa kwa shelaki, utomvu wa vijidudu vya miti vya Asia ya Kusini, uliochanganywa na unga wa mawe. Ni ngumu na ni nyepesi kuvunjika. Upande mmoja wa sahani ya inchi 10, ikizungushwa mara 78 kwa dakika, hubeba dakika tatu au zaidi kidogo.

Kipimo hiki si jambo la kiufundi tu. Wimbo wa taarab huwa na beti za mishororo mitatu, aghalabu yenye mizani kumi na sita kila mmoja, na mishororo hiyo hurudiwa, huku ala zikijibu baina ya beti. Katika hafla, mwimbaji aliweza kuurefusha wimbo kadiri wasikilizaji walivyotaka. Mbele ya mtambo, alilazimika kuchagua beti chache, kupunguza marudio, au kuugawa wimbo pande mbili za sahani. Kwa hiyo maneno tunayoyasikia si lazima yawe shairi zima. Mhakiki anayehesabu beti za sahani na kudai kwamba mtunzi aliishia hapo atakuwa amechukua mpaka wa chombo akaufanya mpaka wa utunzi.

Aidha, lebo humtaja mwimbaji lakini mtunzi hutajwa kwa nadra. Suala la umilikaji wa matini, linalotusumbua katika tenzi za kale, linajitokeza hapa tena kwa sura mpya.

Huenda msomaji akapinga kwamba utungo uliorekodiwa ng'ambo kwa shabaha ya biashara si ushahidi safi. Hoja hii ina uzito, lakini haitengi sahani na miswada. Muhamadi Kijumwa wa Lamu alinakili tenzi kwa ajili ya wataalamu wa Kizungu kama vile William Hichens, na hatuzikatai nakala zake kwa sababu hiyo. Tunachofanya ni kuuliza zilinakiliwa katika mazingira gani.

Mnakili na maamuzi yake

Swali hilo hilo linamhusu mkusanyaji wa leo. Kazi yake huanza na usafi: maji safi na kitambaa laini hufaa, mradi lebo isilowe, ilhali spiriti huyeyusha shelaki. Hufuata sindano. Ncha inayohitajika ni pana takriban mara tatu kuliko ile ya sahani za plastiki zilizokuja baadaye. Ncha ndogo huzama chini ya mfuo na kusoma uchafu badala ya sauti.

Mwendo nao ni uamuzi wa kihakiki. Si sahani zote za enzi hiyo zilizorekodiwa kwa mizunguko 78 kamili. Ziada ya mizunguko minne na nusu hivi huipandisha sauti nusu toni na kuuharakisha wimbo. Anayejadili wembamba wa sauti ya mwimbaji au kasi ya mahadhi bila kujua sahani ilizungushwa kwa mwendo gani anaweza kuwa anaihakiki mashine.

Hatari kubwa zaidi imo katika programu za kuondoa mkwaruzo. Mkwaruzo wa shelaki hutanda zaidi katika masafa ya juu ya sauti, na humo humo ndimo zinamokaa konsonanti kama s, sh, th na f. Programu ikiufuta mkwaruzo bila kiasi, huzifuta na konsonanti hizo. Nakala husikika tulivu na ya kupendeza, lakini tofauti ya s na th katika maneno yenye asili ya Kiarabu imefifia. Mwanaisimu anayetafuta matamshi ya Kiunguja cha kabla ya usanifishaji atakuwa amenyang'anywa kile hasa alichokuja kukitafuta, na hatajua kwamba amenyang'anywa.

Hitimisho

Hatusemi kwamba msikilizaji wa kawaida asipewe nakala iliyosafishwa. Tunasema iwe nakala ya pili. Ya kwanza ibaki na mikwaruzo yake, ikiambatana na maelezo ya mwendo na sindano, picha ya lebo, na nambari iliyochorwa karibu na lebo, kwani nambari hiyo ndiyo inayotofautisha rekodi moja na nyingine ya wimbo ule ule. Vivyo hivyo, mwanafunzi wa uzamili anayenukuu wimbo wa taarab katika tasnifu yake anapaswa kutaja sahani na nakala aliyoisikiliza, kama anavyotaja mswada. Sahani za shelaki huvunjika, na nyingi zimekwisha vunjika. Itafika siku ambapo nakala ya mkusanyaji ndiyo itakayokuwa shahidi pekee wa wimbo fulani, na hapo hapatakuwa na sahani ya kuirejelea.