Takwa: Safari Inayoamuliwa na Maji

Magofu ya mji wa Takwa yako katika kisiwa cha Manda, mkabala na Lamu. Mji huo ulistawi kati ya karne ya 15 na ya 17, kisha ukahamwa. Wakazi wake wanasemekana kuhamia Shela. Msikiti wake mkuu, wenye nguzo juu ya ukuta wa kibla, ungali umesimama.

Msafiri wa mashua huufikia kwa kupitia hori jembamba lililozungukwa na mikoko. Upepo ukikatwa na miti, tanga hushushwa na chombo husukumwa kwa upondo, polepole.

Katika mifereji ya Uingereza, maji huzuiwa kwa malango yanayofunguliwa na wasafiri wenyewe. Takwa haina lango ila bahari. Maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au kuwa mpevu, hujaa zaidi; siku za maji mafu, kina huwa haba.

Kwa hiyo nahodha huingia maji yakijaa na kutoka kabla hayajakupwa. Mgeni akikawia magofuni, chombo hukwama topeni kwa saa kadhaa, hadi maji yajae tena. Anayetaka kuzuru Takwa na aulize kwanza saa ya maji, ndipo aulize nauli.