Farasi ni Yuleyule, Sura Ndiyo Nyingine

Kabla ya mwaka 1849, mchezaji wa sataranji aliyetoka London kwenda Paris alilazimika kujifunza upya kutazama. Kanuni zilikuwa zilezile, ila kete zilikuwa na sura nyingine. Waingereza walikuwa na seti za mtindo wa St George na Barleycorn. Wafaransa walipenda ule wa Régence, uliobeba jina la mkahawa maarufu wa wachezaji, Café de la Régence. Kete nyingi zilikuwa ndefu na nyembamba, pete juu ya pete, na jicho geni liliweza kumtazama askofu likadhani ni malkia.

Machi 1849, Nathaniel Cooke alisajili umbo jipya. Septemba mwaka huohuo kampuni ya Jaques ya London ikaanza kuliuza. Vitako vilikuwa vipana, ngome ilikuwa mnara, askofu alivaa kofia yake, na farasi alikuwa na kichwa cha farasi kweli. Seti ikapewa jina la Howard Staunton, bingwa aliyetamba Uingereza enzi hizo, naye akaisifia katika safu yake ya sataranji kwenye Illustrated London News. Cooke naye alikuwa na mkono katika gazeti hilohilo. Biashara ilikuwamo, tusijidanganye. Lakini umbo lilijibu shida ya kweli, na leo FIDE hupendekeza mtindo huo kwa mashindano.

Kwa nini sura iwe na uzito hivyo? Mwaka 1973 watafiti William Chase na Herbert Simon waliwaonyesha wachezaji mbao kwa sekunde chache, kisha wakawataka wazipange upya kutoka kichwani. Kete zikiwa zimetoka katika mchezo halisi, bingwa alimwacha mbali mchezaji mchanga. Zilipotawanywa ovyo, ubora wake ulikaribia kutoweka. Bingwa haoni kete mojamoja. Huona makundi aliyoyazoea, kama msomaji anavyoona neno zima bila kuhesabu herufi.

Sasa fikiria Crazyhouse, aina ya sataranji ambayo kete unayoiteka inakuwa yako, nawe waweza kuirudisha ubaoni dhidi ya mwenyewe. Mtandaoni watu huicheza kwa dakika tatu, hata moja. Jicho linaruka kati ya ubao na akiba ya kete zilizotekwa bila kupumzika. Tovuti moja ninayochezea ilibadilisha sura usiku mmoja: kete zikawa bapa na za mviringo, akiba ikahamishwa upande mwingine. Wachezaji wakalalamika, wakajibiwa kwamba watazoea.

Huenda ni kweli. Waliozoea Régence nao walizoea Staunton. Ila tofauti moja haitajwi. Mwaka 1849 aliyechukia kete mpya alibaki na za zamani. Zilikuwa kabatini kwake, alizinunua kwa fedha yake, na hakuna fundi aliyeingia nyumbani kwake usiku kuzichonga upya. Staunton ilishinda polepole, mnunuzi mmoja baada ya mwingine, kwa sababu watu waliiona ikiwafaa. Mtandaoni seti ya zamani inafutwa kwa wote kwa mpigo, pamoja na mazoea ambayo mtu aliyajenga kwa miaka.

Si lazima iwe hivyo. Lichess, iliyoanzishwa mwaka 2010 na ambayo programu yake iko wazi kwa kila mtu, humwachia mchezaji achague mwenyewe sura ya kete zake. Mchoraji anaweza kuleta kitu kipya bila kumnyang'anya mtu cha zamani.

Kwa hiyo tunapowasikia wachezaji wakigombana juu ya shingo ya farasi, tusiharakishe kuwacheka. Wanauliza jambo ambalo mnunuzi wa 1849 hakuhitaji kuliuliza: ubao huu ni wa nani?