Unihilisti si ubatili wa dunia

Mtu akitakiwa kuitaja kwa Kiswahili falsafa ya unihilisti, neno la kwanza kumjia ulimini huwa ubatili. Si ajabu. Wasomaji wa Biblia wamelizoea kwa kitabu cha Mhubiri, na mahakamani mkataba usio na nguvu huitwa batili. Ni neno zito na sikio linalipenda. Hata hivyo linapotosha, tena palepale ambapo maana ya unihilisti imekaa.

Chukua Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate. Mshairi anauonya moyo wake kwa kuuonyesha majumba ya matajiri yaliyogeuka magofu: madaka ya ukutani, yaliyokuwa yamepangwa vyombo vya kauri, sasa ndege wanalelea humo makinda. Kwa mshairi huyu dunia si kitu cha kushikamana nacho. Lakini amejuaje? Ameipima. Upande wa pili wa mizani ameweka Akhera, na dunia ikaonekana nyepesi. Mhubiri naye anamaliza kwa kumtaka mtu amche Mungu na azishike amri zake. Anayesema jambo fulani ni ubatili anakiri kwamba liko jingine lenye thamani ya kweli. Mnihilisti anaikana mizani yenyewe.

Neno unihilisti, lenye asili ya Kilatini nihil, yaani si kitu, lilipata nguvu katika falsafa mwaka 1799, Friedrich Heinrich Jacobi alipomwandikia Johann Gottlieb Fichte barua ya wazi. Jacobi aliogopa kwamba falsafa inayoanza na nafsi inayofikiri, kisha ikautoa ulimwengu wote humo, itaishia kubaki na nafsi peke yake, na vingine vyote, hata Mungu, vitakuwa vivuli vya fikra. Ilikuwa shutuma, si jina ambalo mtu angejipa.

Aliyelieneza ni Mrusi, Ivan Turgenev. Katika riwaya yake ya mwaka 1862, Baba na Wana, kijana Arkady anarudi shambani kwa baba yake akiwa na rafiki yake Bazarov, mwanafunzi wa udaktari anayekwenda kuvua vyura ili awapasue. Asubuhi, Bazarov akiwa hayupo, ami yake Arkady anauliza huyu mgeni ni mtu wa namna gani. Ni mnihilisti, anajibiwa. Baba anakumbuka Kilatini chake na kukisia: labda ni mtu asiyekubali chochote. Ami anamkata kauli: sema asiyeheshimu chochote. Arkady anawasahihisha wote wawili: ni mtu anayekichunguza kila kitu kwa jicho la uhakiki, asiyepokea kanuni kwa imani tu hata kama wengine wanaiheshimu vipi. Fafanuzi tatu katika kikao kimoja, na hadi leo watu wakibishana juu ya unihilisti kila mmoja huwa ameshika mojawapo.

Ufafanuzi wa ami ndio uliotamba mitaani. Mwaka huohuo moto uliteketeza sehemu ya Petersburg, na Turgenev alisimulia baadaye jinsi mtu aliyefahamiana naye alivyomwambia atazame wanihilisti wake wanavyouchoma mji. Mwaka 1881 kundi la wanamapinduzi la Narodnaya Volya lilipomuua mfalme wa Urusi, Alexander II, kwa bomu, magazeti ya nje yaliwaita nao wanihilisti. Jina hilo halikuwafaa hata kidogo. Watu waliokuwa tayari kunyongwa kwa ajili ya haki ya wakulima walikuwa na imani kali kuliko wengi waliowalaani.

Kwa mtu kama Bazarov, Kiswahili kina njia nzuri ya kuunda neno. Tunalo ukanamungu, kwa mkondo huo tunaweza kupata ukanamaana na ukanamaadili, na ningefurahi kuyaona maneno hayo vitabuni. Lakini kukana ni tendo la mtu, na hapo Friedrich Nietzsche anatukwamisha. Katika kitabu chake cha mwaka 1882, mwendawazimu anaingia sokoni mchana na taa iliyowashwa, akimtafuta Mungu. Wanaomcheka ni watu ambao tayari hawaamini, na hawajatambua walichopoteza. Kwa Nietzsche unihilisti ni hali inayoupata utamaduni mzima: tunu za juu kabisa zinaisha nguvu kutoka ndani, na swali la “kwa nini?” linakosa jibu. Mtu anaweza kuishi ndani ya hali hiyo bila kukana chochote. Tena Nietzsche aliishutumu tabia ya kuidharau dunia hii kwa ajili ya nyingine kwamba ndiyo iliyopanda mbegu ya unihilisti. Alikuwa akiusema Ukristo, lakini kwa hoja hiyo hata mshairi wa Pate angesimama mbele yake kama mshtakiwa.

Kwa sababu hiyo naona heri tubaki na unihilisti kama jina la jumla, na mnihilisti kwa mtu wake, kama ukomunisti na mkomunisti. Maneno ya ukana- yatumike kwa matawi ambayo kweli ni mafundisho.

Tawi la maadili ndilo linaloeleweka vibaya zaidi. Mwanafalsafa J. L. Mackie, katika kitabu chake cha mwaka 1977, alishikilia kwamba hakuna tunu za maadili zilizopo nje ya sisi wenyewe. Tunaposema “kumdhulumu yatima ni kosa”, tunadai kwamba kuna ukweli wa namna hiyo, na dai letu halina cha kulisimamisha. Msomaji wa haraka ataruka: basi dhuluma inaruhusiwa! Sivyo. “Inaruhusiwa” nalo ni dai la maadili, na linaanguka pamoja na lile la kwanza. Wala Mackie hakuwahimiza watu waache kuishi kwa maadili. Aliyaona kuwa kitu ambacho wanadamu wamekiunda na bado wanakihitaji.

Matawi mengine niyataje tu. Gorgias wa Leontini, karne ya 5 kabla ya Kristo, alitetea kwamba hakuna kilichopo, kingekuwapo kisingejulikana, kingejulikana kisingeweza kuelezwa kwa mwingine. Siku hizi wako wanafalsafa wanaosema hakuna meza, kuna chembe tu zilizopangwa kimeza.

Kwetu suala hili linabana zaidi kwenye riwaya ya Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi. Wahakiki huisoma chini ya udhanaishi, na udhanaishi huanzia pale unapoanzia unihilisti: hakuna maana iliyowekwa tayari. Mdhanaishi anaendelea, anamdai mtu aiunde mwenyewe. Kazimoto, mhusika mkuu wa riwaya hiyo, haiundi, baada ya msiba wa mtoto wake anajiua. Wapo watakaosema basi huyo ni mnihilisti. Mimi sikubali. Ukimfuata tangu mwanzo utamkuta anahukumu, anajilaumu, anaona aibu na kuomboleza, na hakuna hata moja kati ya hayo linalowezekana kwa mtu ambaye kwake vitu vyote vina uzito sawa wa sifuri.