Haja Ikishageuka Hoja

Alhamisi asubuhi, Bunge likiwa na mkutano Dodoma, shangazi yangu hakutaka mgeni mpaka maswali kwa Waziri Mkuu yaishe. Aliketi karibu na redio, ungo mapajani, akipembua mchele. Mbunge akiuliza, Waziri Mkuu akisema, yeye huinua uso na kunigeukia: "Sasa hapo kajibu au kaongea?" Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, tena wa mchepuo wa lugha, na mara nyingi sikuwa na la kumwambia.

Swali lake limenifanya niyasikilize maneno ya Bunge kwa namna ambayo sijaweza kuiacha.

Kipindi chenyewe huitwa maswali ya papo kwa papo. Ibara ya 52 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inamtaja Waziri Mkuu kuwa ndiye Kiongozi wa shughuli za Serikali Bungeni, na kwa nusu saa ya Alhamisi anasimama mbele ya wabunge wenzake bila kuwa amepelekewa maswali mapema. Nasema wenzake kwa sababu Katiba hiyohiyo inataka awe mbunge wa kuchaguliwa wa jimbo. Kassim Majaliwa alipokuwa akijibu kama Waziri Mkuu, alikuwa pia Mbunge wa Ruangwa, mwenye visima vyake na barabara zake za kuombea. Basi hapo huulizwa bei ya korosho, tembo waliovamia mashamba, mbolea iliyochelewa, mikopo ya wanafunzi, mgogoro wa wafugaji na hifadhi. Yote kwa mtu mmoja, yote kwa nusu saa.

"Papo kwa papo" ni chaguo zuri kuliko wengi wanavyofikiri. Bungeni maana yake ni palepale, bila kwenda kutafuta faili. Lakini wahenga walikwisha kulitumia kwa maana nyingine: papo kwa papo kamba hukata jiwe. Hapo si haraka tena, ni kurudia pahali pamoja bila kuchoka, siku hadi siku, mpaka ukingo wa kisima uingie mfuo. Mbunge anayeuliza juu ya daraja lilelile mwaka wa tatu anaishi katika methali, hata kama kanuni inamweka katika maana ya kwanza. Istilahi moja imebeba uharaka wa anayejibu na uvumilivu wa anayeuliza, na sidhani kama kuna aliyekaa akalipanga hivyo.

Kisha kuna haja na hoja. Yote mawili tumeyapata kwa Waarabu, ila kwa mizizi tofauti: haja ni uhitaji, hoja ni kauli yenye ushahidi. Kwetu yamekuja kukaa jirani hivi kwamba irabu moja tu inayatenga, na irabu hiyo ndiyo kazi nzima ya mbunge. Kijiji kina haja ya zahanati. Haja haisimami Bungeni kwa miguu yake, lazima igeuzwe lugha: idadi ya kaya, umbali wa hospitali ya wilaya, ahadi ya bajeti iliyopita. Ikifika ukumbini inaitwa hoja, na hoja ndiyo inayojibiwa. Ndiyo maana waziri anapohitimisha mjadala husema anajibu hoja za wabunge. Sijapata kusikia anayesema anajibu haja za wananchi, na kila nikilifikiria hilo naona mama mmoja aliyebaki kule kijijini na haja yake, akisubiri kuona kama hoja iliyosafiri kwa niaba yake itarudi na kitu mkononi.

Na juu ya yote hayo kuna "naomba". Fungua Taarifa Rasmi ya kikao chochote utaona kila mtu anaomba. Mbunge anaomba kuuliza swali la nyongeza. Naibu Waziri, kwa niaba ya Waziri, anaomba kujibu swali lenye sehemu (a) na (b) kama ifuatavyo. Waziri mwenye bajeti ya mabilioni anamaliza kwa kuomba kutoa hoja. Wako wanaoliona neno hili kuwa pambo la kupunguzwa. Mimi nalitetea. Katika Kiswahili aombaye anakiri kwamba kitu hakijawa chake, na ni vyema mwenye madaraka akiri hivyo mara nyingi awezavyo, mbele ya kiti cha Spika.

Penye uzito zaidi kwangu ni kupokea. Mbunge akiwa anachangia, mwenzake anaweza kusimama na kusema, "Taarifa!" Akishampa taarifa yake, kiti humuuliza mchangiaji: unaipokea? Naye hana njia ya kati. Ama "naipokea", na hapo inaingia katika mchango wake kama kauli yake mwenyewe, ama "siipokei", na inabaki nje. Hapo kupokea ni kukubali kabisa. Lakini Kiongozi wa shughuli za Serikali akiombwa jambo zito na kusema "tumelipokea", au "nimelichukua", kitenzi kilekile, ndani ya ukumbi uleule, kimepungua uzito. Sasa maana yake ni kwamba ombi limefika. Si ndiyo, si hapana. Kupokea barua si kuijibu, na kila karani analijua hilo.

Simlaumu anayesema hivyo. Mtu aliyeulizwa papo kwa papo juu ya jambo la wizara tano ana haki ya kwenda kulitazama, na "nalichukua" lililosemwa kwa moyo ni la kweli kuliko ahadi iliyorushwa ili makofi yapigwe. Ninachotamani ni kwamba sisi tunaosikiliza, na hasa sisi tunaoandika habari, tuzitenge maana hizo mbili. Gazeti likiandika "Serikali yakubali kujenga" pale ambapo kilichosemwa ni "tumelipokea", limeuharibu ukweli, na limekiharibu Kiswahili pia.

Kuna jibu jingine ambalo hunisikitisha kwa uzuri wake: upembuzi yakinifu. Barabara haijajengwa kwa kiwango cha lami kwa sababu upembuzi yakinifu na usanifu wa kina unaendelea. Lisikilize lakini. Kupembua ni kazi ya ungo, kutikisa na kurusha mpaka chenga zijitenge na mchele. Yakini ni uhakika usio na shaka. Aliyeyaunganisha alikuwa fundi: kupepeta jambo mpaka ubaki uhakika mtupu. Leo vijijini watu wakilisikia huelewa "bado", nao wamejifunza hivyo kwa kungoja. Shangazi alikuwa na ungo mapajani mwake neno hilo lilipotangazwa redioni, na hakutambua kwamba walikuwa wanaitaja kazi ya mikono yake.

Asiyeridhika na majibu ana silaha moja, nayo ni shilingi. Bajeti ya wizara inapopitiwa kifungu kwa kifungu katika Kamati ya Matumizi, mbunge husimama penye mshahara wa Waziri na kusema asipopata maelezo ya kuridhisha atashika shilingi. Ni shilingi moja, isiyonunua hata pipi. Lakini ikishashikwa, Waziri anainuka, wabunge wengine wanasimama kuunga mkono, Kiongozi wa shughuli za Serikali naye anaweza kuingilia kati kumwokoa Waziri wake. Nalipenda neno hilo kwa kuwa halikuazima uzito kutoka lugha ya vitabu. Shilingi kila mtu ameishika, hata mtoto aliyetumwa dukani.

Hapo shangazi alikuwa akiuweka ungo chini. Mjadala ukipamba moto alisogea mpaka sikio likaribie redio. Kisha sauti ya mbunge ingelegea, angeshukuru kwa maelezo ya Serikali, na kutamka kwamba anairudisha shilingi. Makofi yakipigwa kule Dodoma, shangazi alinitazama mimi.

"Kairudisha," alisema. "Kapewa nini?"