Samisami, Shanga Iliyochagua Wateja Wake

Tumezoea kuambiwa kwamba babu zetu walirubuniwa kwa shanga. Wenye misafara walilia kilio kingine kabisa. Henry Morton Stanley, akifungasha mizigo Unguja mwaka 1871 kwenda kumtafuta mpelelezi Livingstone, aliumiza kichwa juu ya rangi: Wanyamwezi walitaka nyekundu tupu, nyeusi zilipita Ugogo na kwingine hazikuwa na thamani, nyeupe zilizopokewa Ufipa zilidharauliwa Ukonongo. Ukikosea pwani, wapagazi wanakubebea hasara hadi Tabora. Mteja wa namna hiyo, kwa maoni yangu, hakurubuniwa kirahisi.

Nyekundu hiyo ndiyo samisami. Mpelelezi Richard Burton, aliyefika Tabora mwaka 1857, aliieleza kuwa punje ndogo ya rangi ya marijani, nyekundu juu na nyeupe ndani, ghali kuliko nyingi. Njiani iliitwa pia kivunja mji, kwa jinsi wanawake walivyoililia. Ilihesabiwa kwa kete, yaani uzi mmoja wa shanga, na kete 10 zilifanya fundo 1. Mwenzake Burton, John Speke, ndiye aliyekata kwenda kaskazini Julai 1858, akipita nchi ya Wasukuma, ambayo leo ni Shinyanga, hadi ziwani Mwanza.

Shanga nyingi za misafara zilitengenezwa Venice. Fundi alianza na bonge la kioo cha moto lenye tundu katikati, akalivika tabaka la rangi nyingine. Kisha watu wawili walilishika huku na huku, wakatembea wakiachana, nalo likarefuka na kuwa ufito mwembamba. Ulipopoa ulikatwakatwa, na kila kipande kikatoka na sura ileile ya bonge, nyekundu nje na nyeupe ndani. Fito za rangi mbalimbali zikifungwa pamoja na kuvutwa tena, mkato wake unatoa ua.

Ujanja huohuo wanautumia leo mafundi wa udongo wa plastiki, hasa tangu miaka ya 1980 huko Marekani. Udongo huo hauhitaji tanuri la kioo. Oveni ya nyumbani, nyuzi 130 hivi, inatosha. Bonge linaviringishwa na kuminywa taratibu mpaka liwe jembamba, nalo ua la ndani linapungua bila kupoteza umbo. Lakini lipumzike lipoe kwanza. Ukilikata lingali laini, kisu kinaliponda na petali zote zinalalia upande mmoja.

Huko Usukumani, kilichoziondolea shanga nafasi yake kama fedha si udongo huo wala kioo kingine. Wajerumani walileta rupia, na mwaka 1898 wakaanza kutoza kodi ya nyumba. Kwa mtoza kodi, fundo la samisami halikuwa fedha tena. Zikabaki shingoni, kwa waganga na kwa wacheza ngoma. Mgodi wa Geita ulipoanza kuzalisha dhahabu miaka ya 1930, mchimbaji alilipwa kwa shilingi, si kwa shanga.