Simba Mwene: Asili ya Jina la Shangwe la Vuga

Vuga, juu ya Soni, ilikuwa makao ya wafalme wa Wakilindi waliotawala Usambara tangu karne ya 18.

Masimulizi yanasema Mbegha, mwindaji kutoka milima ya Nguu, aliwaua nguruwe mwitu walioharibu mashamba ya Washambaa na kuwagawia wenyeji nyama. Usiku mmoja huko Vuga akamuua simba. Kulipokucha watu walimshangilia, wakamtawaza. Tangu hapo mfalme akaitwa Simba Mwene. Kisa cha Mbegha kimo katika *Habari za Wakilindi*, kitabu cha Kiswahili cha Abdallah bin Hemedi, kilichochapwa kwanza Magila.

Wagiriki wa kale walisimulia kisa cha jinsi hiyo. Mungu wao Apollo alipomuua joka Python kule Delphi, watu walimwita “Paian!”, na nyimbo za ushindi na sikukuu zikachukua jina hilo. Jina lenyewe, kwa umbo la Paiawon, limo katika kibao cha udongo cha Knossos, kisiwani Krete, chenye umri wa zaidi ya miaka 3,000.

Mgeni, ukifika Vuga, anza kwa wazee: omba ruhusa kabla ya kupiga picha.